Kitovu cha Shujaa: Siasa na Usimulizi katika Tamthilia ya Televisheni The Boys

Utangulizi

Shujaa wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki hana budi kuwa na mahali anapoweza kudhuriwa. Fumo Liyongo, ambaye habari zake zilitungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, hafi kwa mkuki wala kwa mshale. Lakini akichomwa sindano ya shaba kitovuni, hapo maisha yake hukoma. Lwanda Magere wa Wajaluo ana mwili wa jiwe usiopenywa na silaha yoyote, ila uhai wake umo katika kivuli chake. Aghalabu wahakiki wamelichukulia jambo hili kuwa ni pambo la fani: siri ambayo fanani huificha ili hadhira isubiri kwa hamu mpaka itakapofichuliwa. Makala haya yanashikilia kuwa jambo lenyewe ni la kisiasa. Kitovu na kivuli ni mpaka ambao jamii imeuwekea uwezo wa mtu mmoja. Jamii inayosimulia habari za mtu asiyeshindika, kisha ikamwekea kitovu, inasema kwamba haiko tayari kutawaliwa na mtu wa namna hiyo milele.

Kwa kigezo hicho inafaa kuipima tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo The Boys, ambayo ilianza kuonyeshwa na kampuni ya Amazon mwezi Julai 2019. Uhakiki huu unahusu misimu minne ya kwanza, yaani ile ya 2019 hadi 2024. Tamthilia hiyo iliongozwa kiutunzi na Eric Kripke kutokana na vitabu vya katuni vya Garth Ennis na Darick Robertson vilivyotolewa baina ya 2006 na 2012. Ni kazi ya tashtiti: inamchukua shujaa wa ajabu, yule arukaye angani na kuokoa watu, na kuuliza angekuwa mtu wa namna gani iwapo kweli angekuwapo, tena ameajiriwa na kampuni.

Kigezo chenyewe hakikuokotwa mbali. Nambale, katika kaunti ya Busia, ni nchi ya Wakhayo, nayo iko mahali ambapo masimulizi ya mataifa kadhaa hukutana. Kusini kuna Wajaluo na Lwanda Magere wao. Upande wa kaskazini kuna Wabukusu wanaosimulia habari za Mango, aliyeliua joka lililokuwa likiangamiza watu, na kwa tendo hilo wakaieleza asili ya jando lao. Liyongo naye hufika kwa njia ya shule na vitabu vya Kiswahili. Wala si bahati tu kwamba Okiya Omtatah, mtunzi wa tamthilia aliyechaguliwa kuwa seneta wa Busia mwaka 2022, aliwahi kumtungia Lwanda Magere tamthilia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1991. Katika eneo hili shujaa na siasa ni majirani wa siku nyingi.

Shujaa kama bidhaa

Hadithi ya The Boys huanza kwa kifo cha mtu asiye na jina kubwa. Hughie Campbell, kijana muuza vifaa vya umeme dukani, amesimama kando ya njia akiongea na mchumba wake Robin. Ghafla shujaa aitwaye A-Train, mwenye mbio kupita kiasi, anampitia Robin na kumsambaratisha, kisha anakimbia zake. Kampuni ya Vought, inayowamiliki mashujaa hao, inampelekea Hughie dola 45,000 na karatasi ya kutia sahihi ili asiseme neno hadharani.

Tukio hili ni msingi wa kazi nzima, na uteuzi wake unafaa kutazamwa. Watunzi wangaliweza kuanza na mashujaa angani, kama ilivyo desturi ya filamu za aina hii. Badala yake wameanza na mtembea kwa miguu. Mtazamaji anaingia katika ulimwengu huo kupitia kwa mtu aliyefiwa, na kila sifa atakayoisikia baadaye juu ya mashujaa ataipima kwa kifo cha Robin. Hapa nafasi ya msimulizi imekuwa msimamo wa kitabaka: hadithi inatazamwa kutoka chini.

Siri kubwa ya msimu wa kwanza nayo inakwenda njia hiyo hiyo. Umma umefundishwa kwamba mashujaa walizaliwa na vipawa walivyopewa na Mungu, na mahubiri hutolewa juu ya habari hiyo. Kumbe Vought iliwatia dawa iitwayo Compound V tangu uchangani, wazazi wakilipwa. Kwa hiyo kile kilichoitwa baraka ni bidhaa ya kiwandani. Tofauti na ngano za kwetu iko wazi. Fanani anayemsimulia Lwanda Magere haulizi ni nani aliyefaidika kwa mwili wa jiwe; anaupokea kama ulivyo. The Boys inauliza swali la uchumi kabla ya swali la ushujaa: nguvu hizi ni mali ya nani, na ni nani anayeziuza?

Tendo linalolithibitisha jambo hilo ni lile la ndege katika sehemu ya nne ya msimu wa kwanza. Homelander, mkuu wa mashujaa, na Maeve wanaingia katika ndege iliyotekwa. Homelander mwenyewe anaviunguza vyombo vya kuongozea ndege kwa miale ya macho yake, kisha anaamua kwamba abiria wasiokolewe, wasije wakatoa ushahidi. Ndege inaanguka. Siku zinazofuata anasimama mbele ya kamera akiwaombolezea wale wale aliowaacha wafe, na kutumia vifo vyao kudai mashujaa waingizwe jeshini. Hapa tashtiti haihitaji kicheko. Kosa limegeuzwa kuwa hoja ya kupewa madaraka zaidi, na hakuna msomaji wa Afrika Mashariki atakayehitaji kufafanuliwa mbinu hiyo.

Kitovu kilichohamishwa

Homelander hana kitovu cha mwili. Muumbaji wake katika maabara hakumwachia mahali pa kuchomwa, na silaha hazimdhuru. Je, watunzi wamekiuka kanuni ya shujaa? La. Wamekihamisha kitovu. Homelander alilelewa katika maabara bila mama wala baba, na akikosa kupendwa hubabaika kama mtoto mdogo. Anazisoma hesabu za umaarufu wake kama mgonjwa anavyosoma kipimo cha homa. Udhaifu wake ni haja ya kusifiwa. Na kwa kuwa wanaomsifu ni umma, kitovu cha Homelander ni umma wenyewe.

Huu ndio uteuzi wa kiusimulizi ulio na uzito mkubwa kupita wote. Katika utendi wa Liyongo, anayeijua siri ni mwanawe. Katika ngano ya Lwanda Magere, ni mke aliyeletwa kutoka kwa maadui, akamchanja chale kivulini alipougua akaona damu. Siri iko nyumbani, na usaliti ni wa mtu mmoja. Katika The Boys siri iko mikononi mwa maelfu ya watu waliosimama barabarani, ila wenyewe hawajui kwamba wameshika sindano.

Kilele chake ni mwisho wa msimu wa tatu, mwaka 2022. Homelander amemleta mwanawe Ryan mbele ya wafuasi. Mpinzani mmoja anamrushia mtoto kitu, na Homelander anampasua kichwa kwa miale mbele ya watu wote. Kinafuata kimya kifupi. Katika kimya hicho Homelander mwenyewe ana hofu, kwa maana hajui atahukumiwaje. Kisha mtu mmoja anashangilia, na umati wote unamfuata. Uso wa Homelander unakunjuka kwa tabasamu: amekwisha kujua kwamba hakuna atakalolitenda litakalomkosesha sifa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tamthilia hii inaonyesha hatua ya pili ambayo methali haikuitaja: wanywaji wanapoyanywa maji hayo na kuyasifu kuwa ndiyo tembo halisi.

Inafaa kukumbuka mwisho wa Liyongo. Baada ya kuchomwa alipiga goti karibu na kisima, akatia mshale katika upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji kwa kuwa walimdhani yu hai. Mji mzima ulipata kiu kwa ajili ya umbo la maiti. Utendi ulikwisha kuona, kabla ya televisheni, kwamba sura ya mwenye nguvu yaweza kutawala kuliko nguvu zenyewe. Vought imekigeuza kisa hicho kuwa biashara.

Tofauti na tashtiti ya Kenya ionekane hapa. Kipindi cha vikaragosi cha The XYZ Show, kilichobuniwa na mchoraji Gado na kuanza kuonyeshwa mwaka 2009, kilimkejeli kiongozi kwa sura yake mwenyewe: mtazamaji alimcheka mheshimiwa, akaenda kulala akiwa upande wa haki. The Boys haimpi mtazamaji starehe hiyo. Anayechekwa mwishoni ni hadhira.

Mwana, stelingi na mfululizo

Watazamaji wa filamu wa Afrika Mashariki wana neno lao, “stelingi”, yaani mhusika mkuu, na wana kanuni yao kwamba stelingi hafi. The Boys inaanza kwa kuivunja kanuni hiyo. Katika vitabu vya katuni wale wanaowawinda mashujaa nao hutumia dawa ya nguvu. Katika televisheni, kwa misimu miwili, wengi wao hawana nguvu yoyote. Badiliko hili limeipa hadithi mashaka ya kweli, na Butcher anapoanza kutumia dawa ya muda katika msimu wa tatu, mtazamaji anaelewa kwamba mwindaji ameanza kufanana na mnyama wake. Badiliko la Stormfront nalo ni la busara. Katika vitabu alikuwa mwanamume. Katika msimu wa pili wa mwaka 2020 ni mwanamke mcheshi, hodari wa mitandao, na baadaye anagunduliwa kuwa Mnazi wa zamani. Ubaguzi umevishwa nguo ya kisasa, na ndivyo unavyokuja.

Hata hivyo kanuni ya stelingi imerudi kwa mlango wa nyuma. Asiyekufa sasa ni mwovu. Mwishoni mwa msimu wa tatu, Soldier Boy, ambaye ni baba yake Homelander, anaweza kumwondolea nguvu. Sindano imekwisha kugusa kitovu. Ndipo Ryan anapoingia kumtetea baba yake, Soldier Boy anampiga mtoto, na Butcher, aliyekuwa amejitoa kumwangamiza Homelander, anageuka kumlinda mtoto. Homelander anasalimika. Katika utendi mwana ndiye njia ya kifo cha shujaa. Hapa mwana ni ngao. Kwa upande mmoja uteuzi huu una ubinadamu, maana hauwezi kununua ushindi kwa damu ya mtoto. Kwa upande mwingine unanuka haja ya soko: mfululizo unaouzwa kwa misimu hauwezi kumpoteza mtu anayeuuza. Utendi una beti za mwisho. Kampuni inataka msimu mwingine.

Dosari

Haja hiyo imezaa dosari. Ya kwanza ni umwagaji damu uliopita kiasi. Kifo cha Robin kilitisha kwa sababu kilikuwa kimoja. Baada ya vifo vya aina hiyo kuwa makumi, mtazamaji huanza kuvisubiri kama vichekesho, na hapo anafanana na umati uleule unaokejeliwa.

Ya pili ni nzito zaidi. Msimu wa kwanza ulieleza kwa uangalifu jinsi Starlight alivyodhalilishwa kijinsia na mwenzake siku ya kwanza kazini, na aibu ikarudishwa kwa mtenda. Katika msimu wa nne Hughie anatendewa udhalilishaji wa aina hiyo katika nyumba ya Tek Knight, nayo tamthilia inauchukua kuwa mzaha. Kazi inayofundisha kwamba uchungu wa mnyonge si burudani haiwezi kuchagua ni mnyonge yupi wa kuchekwa bila kujipinga yenyewe.

Ya tatu ni kukaribiana mno na habari za siku. Sehemu ya mwisho ya msimu wa nne ilibadilishwa jina mwezi Julai 2024, baada ya jaribio la kumwua Donald Trump, kwa kuwa jina la awali lilitaja mauaji. Jazanda inayoenda sambamba na gazeti huchakaa upesi kama gazeti. Liyongo bado anasomwa kwa sababu hakufungwa katika mwaka mmoja. Aidha ni kinaya kwamba lawama hizi zote dhidi ya kampuni kubwa zinauzwa na kampuni kubwa. Kinaya hicho hakiubatilishi ukweli wa kazi, lakini kinaeleza kwa nini hasira yake huishia kwenye skrini.

Hitimisho

The Boys imefanya jambo moja ambalo masimulizi ya kishujaa hayakulifanya: imekitoa kitovu katika mwili wa shujaa na kukiweka katika midomo ya wanaomsifu. Kwa hilo inastahili kuhakikiwa kwa makini, wala si kupuuzwa kama burudani ya vijana. Lakini imeogopa kuchoma pale ilipopaonyesha, na hapo utendi wa 1913 unaishinda kwa ujasiri wa kumaliza.

Kwa wafundishao fasihi, jambo hili si dogo. Mwanafunzi anayeletewa Liyongo na Lwanda Magere kama masalio ya kale huwaona kuwa watu wa mtihani, kisha huenda kumtazama Homelander na kumwona kuwa mtu wa leo. Akifundishwa kwamba kitovu, kivuli na umati ni majibu matatu ya swali moja, yaani mwenye nguvu azuiwe wapi, ataiona tamthilia ya kigeni kwa macho ya fasihi yake mwenyewe. Tena atakaposimama katika mkutano wa hadhara, iwe Nambale au mjini Busia, na sifa zikaanza kumiminwa jukwaani, atatambua kwamba sindano iko mkononi mwake.