Jeki na Gadi: Tahakiki ya Lugha ya Maelekezo ya Kuinua Magari

Miongoni mwa maneno ya ufundi yaliyoingia katika Kiswahili bila kupita mezani kwa wataalamu wa lugha, jeki ni mojawapo ya yale yaliyofanikiwa mno. Kila dereva, fundi na utingo analijua. Hata waandishi wa magazeti wamelitwaa, wakasema kwamba serikali imekipiga jeki kilimo au mfadhili amewapiga jeki wanafunzi. Makala haya hayana nia ya kulifukuza neno hilo. Nia yake ni kuonyesha kwamba limebebeshwa kazi mbili ambazo katika ufundi ni lazima zitengane, na kwamba maelekezo ya Kiswahili wanayopewa madereva huurithi mkanganyo huo. Mkanganyo wenyewe waweza kumgharimu mtu maisha.

Tumependa kuupima mjadala huu kwa hali ya Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Lami inayotoka Kyaka hufika Bugene. Lakini mwenye shughuli katika vijiji vya Nkwenda, Mabira au Kaisho, au anayeshuka kuelekea Murongo kwenye mpaka wa Uganda, hana budi kupita njia za udongo mwekundu zinazopanda na kuteremka vilima. Nyakati za vuli na masika udongo huo hugeuka utelezi. Gari la wagonjwa, gari la bwana shamba na lori la kahawa hupata pancha au kukwama papo hapo lilipo, mbali na gereji. Maelekezo yasiyofaa mahali kama hapo, hayafai.

Tuanze na agizo ambalo wafasiri wengi huliweka mwanzo: “Egesha gari mahali tambarare na pagumu.” Kisarufi sentensi hii haina kasoro. Kasoro yake ni kwamba imefasiriwa kwa ajili ya nchi nyingine. Dereva aliyekwama mlimani baada ya mvua hana tambarare wala pagumu, na kwa kuwa maandishi hayamwambii la kufanya, ataona kwamba hayamhusu na kuyaweka kando. Mfasiri angeweza kuongeza maneno machache tu: gari lizuiwe kwa jiwe au kabari nyuma ya magurudumu ya upande wa mteremko, breki ya mkono ivutwe, na chini ya jeki uwekwe ubao mnene na mpana, ili kitako chake kisididimie katika udongo.

Kasoro ya pili ni ya vitenzi. Mara nyingi kitenzi fungua hutumika kwa kila jambo linalohusu nati za gurudumu. Kwa fundi, kulegeza si kufungua. Nati hulegezwa kidogo gurudumu likiwa bado limekanyaga chini, kwa sababu kuzing’ang’ania kwa spana wakati gari limekwisha inuliwa huweza kulisukuma likateleza kwenye jeki. Hufunguliwa baada ya kuinua, hurudishwa na kubanwa kiasi, kisha hukazwa kabisa gari likiwa limeshushwa. Hivyo ni vitenzi vinne, kila kimoja kikiwa na wakati wake. Lugha yetu inavyo vyote; anayevichanganya hawezi kusingizia umaskini wa lugha.

Kasoro ya tatu ni agizo la “weka jeki chini ya gari.” Chini ya gari ni pana. Jeki ikiwekwa chini ya ekseli, gurudumu huinuka mara moja. Ikiwekwa kwenye chesisi au kwenye bampa, springi hunyooka kwanza na gurudumu hubaki chini, hata gari likiwa limekwisha inuka sana na kuanza kuyumba. Aidha, bampa nyingi za magari ya siku hizi ni za plastiki au bati jembamba, nazo haziwezi kubeba gari. Basi mfasiri aseme wazi: chini ya ekseli, au mahali palipoandaliwa na mtengenezaji kwa ajili ya jeki.

Hapo ndipo aina za jeki zinapohitaji majina. Jeki ya skurubu hupanda kwa kuzungushwa. Jeki ya mafuta hupanda kwa kusukumwa na mafuta, na hutegemea mpira wa ndani unaoyazuia yasivuje. Mpira huo ukichoka, gari hushuka bila kuagwa. Iko pia jeki ndefu ya matundu, ambayo nchini Marekani imetengenezwa tangu mwaka 1905 na inajulikana kwa jina la Hi-Lift. Hii hupanda tundu kwa tundu kwenye chuma kirefu, na humfaa aliyekwama kwa kuwa huinua juu sana. Lakini huhitaji bampa au ubavu imara wa chuma, na mkono wake, hasa wakati wa kushusha, huweza kuruka kwa nguvu na kuvunja taya la mtu. Kuziita zote jeki bila kivumishi ni kumwambia dereva kwamba tahadhari zake ni zilezile.

Sasa tufikie kiini cha hoja yetu. Jeki zote hizo ni vyombo vya kuinua. Hakuna hata moja iliyokusudiwa kushikilia gari wakati mtu yu chini yake. Kazi hiyo ni ya kifaa kingine, kigoda cha chuma kisichopanda wala kushuka gari likiwa juu yake. Mafundi hukiita stendi. Kwa bahati mbaya, msomaji wa Kayanga akisikia stendi hufikiria kwanza mahali pa kupandia mabasi, na mwenye pikipiki hufikiria mguu wake wa kuegeshea. Kwa kukosa jina lisilo na utata, kifaa chenyewe husahauliwa katika maelekezo, na “gari likiwa juu ya jeki” huwa maneno ya kawaida. Hata msemo wa kupiga jeki umechangia, kwa kuwa humfanya msikilizaji aione jeki kama msaada wa kudumu.

Kanuni ya kuunda istilahi hutaka tutazame kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe. Humo limo neno gadi: nguzo zinazoegemezwa kwenye chombo kilichopwelewa ili kisilale upande. Maana ndiyo hiyo hasa tunayoitafuta. Tunapendekeza basi kwamba jeki ibaki jeki, na kigoda cha chuma kiitwe gadi ya gari; gari linainuliwa kwa jeki, kisha linatiwa gadi.

Huenda ikasemwa kwamba neno hilo ni la pwani, na kwamba mkulima wa Kaisho hajaona jahazi lililopwelewa. Ni kweli, lakini ameona mgomba uliolemewa na mkungu, naye mwenyewe ameuegemeza kwa mti usianguke. Dhana anayo, jina tu ndilo geni. Huenda ikasemwa pia kwamba gadi ina maana ya ulinzi. Hilo halidhuru: muktadha hutenga maana hizo, tena kifaa hiki nacho hulinda.

Agizo lililotengenezwa upya lingesomeka hivi: “Zuia magurudumu kwa kabari. Legeza nati. Weka ubao, kisha jeki chini ya ekseli. Inua. Kama itakubidi kuingia chini ya gari, litie gadi kwanza. Bila gadi, usiingie.” Hakuna neno hapo litakalomshinda mwanafunzi wa darasa la saba.

Tunawaomba walimu wa shule za ufundi, wafasiri na maofisa wa usafirishaji walijaribu neno hili katika maandishi yao, na mahali litakapokataliwa na mafundi watuarifu lililopendwa badala yake. Istilahi huamuliwa na wanaoitumia, na katika jambo hili wanaoitumia hulala chali chini ya tani mbili za chuma.