Nimeugusa Mchongoko!

Jamani, jamani! Nimeingia Mbuji juzi usiku na mpaka sasa sijatulia. Nimeupanda! Mchongoko, ndugu yangu, ile treni ya umeme yenye pua nyembamba kama mbasa anayechupa majini kule Mbamba Bay! Sisi wa huku, reli ya karibu ni ya TAZARA kule Makambako. Uvuke Songea, uvuke Njombe, ndipo uione. Basi fikiria mtu wa Mbuji anavyosimama pale Stesheni ya Dar, jengo lenyewe pembe pembe kama kito cha tanzanite, halafu anaushika ubavu wa treni: baridi, laini, unateleza kama sufuria mpya. Na bado!

Nikaketi, nikajikaza kusubiri ule mvuto wa kuondoka, ile gwa-gwa-gwa ya mabehewa kushikana. Wapi! Kuchungulia dirishani, kumbe tumeshaondoka zamani, tuko juu ya daraja, mapaa ya mji yanapita chini yetu kimyaaa. Maji kwenye chupa yangu hata hayachezi!

Usidhani nimeikana Treni ya Mwakyembe, ile ya dizeli ya mjini Dar. Thubutu! Ile iliyoanza Oktoba 2012, Stesheni hadi Ubungo Maziwa, ndiyo iliyonitia ugonjwa huu wa treni. Harufu ya dizeli jioni, bega kwa bega, mama na ndoo yake ya samaki wa Feri, breki zinalia Buguruni, behewa linaunguruma mpaka meno yanagongana, na magari yamepanga foleni yanatungoja sisi tupite. Tamu ajabu! Ile unaisikia mwilini. Huu Mchongoko unausikia masikioni: baada ya Kilosa unazama handakini, giza pu, masikio yanaziba, halafu mwanga na milima vinakurukia kwa pamoja! Mtoto wa kiti cha mbele alipiga ukelele, nami nikapiga. Tukatoka, tukaingia handaki jingine. Na bado!

Sasa njoo uone nilichofanya nyumbani. Hata begi sijafungua, nikachukua kisu nichonge Mchongoko wangu mdogo. Pua nimeichonga kwa msonobari, nikapiga msasa, nikapiga tena, mpaka kiganja kikaukumbuka ule ulaini wa Stesheni. Mwili ni mwanzi, magurudumu ni ndala kuukuu, na ule mkono wa juu unaonyonya umeme kwenye waya ni ubavu wa mwavuli, unainuka na kushuka wenyewe, safi mno! Lakini siri yote ipo kwenye viungo. Mchongoko nimeuunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, ukiuvuta unafuata kimya, laini, kama nyoka nyasini. Mwakyembe nimemjenga kwa makopo ya maziwa, nikayaunga kwa kulabu za waya zilizolegea makusudi. Vuta uone: gwa-gwa-gwa! Ile ile! Nilikaa chini nikacheka peke yangu kwa furaha.

Ndugu yangu, ukishauza kahawa yako msimu huu, tenga nauli. Fika Dar, kata tiketi ya Dodoma, kaa dirishani, na usisinzie kabisa Kilosa. Ukirudi pitia kwangu. Mwanzi upo, msasa upo, na kichwa cha TAZARA bado sijakianza, nakusubiri wewe.