Kimya cha moyo: tuko nacho kwetu, ao tunakiomba kwa wengine?

Hapa Kamina kuna bishano moja ambalo tumelisikia mara nyingi, ku kilio, ku masomo, na hata njiani karibu na stesheni ya treni. Watu fulani wanasema kwamba kukaa kimya na kupima moyo wako mwenyewe ni jambo la kigeni: ni la Wahindi, ao la Wazungu na monasteri zao. Mtu mweusi, wanasema, yeye ni wa ngoma, wa wimbo, wa kuzungumza na wenzake. Wengine wanaenda mbali zaidi. Wakimuona mtu amekaa peke yake chini ya muembe, wanaulizana: "Anawaza nini pale? Kama si ubaya, ni nini?" Basi mtu mwenye kutafuta utulivu anakuta milango miwili imefungwa. Wa kwanza unamwambia kwamba anaiga wageni. Wa pili unamtilia shaka ya uchawi.

Sisi katika ukurasa huu hatutaki kujibu kwa maneno matupu. Tunataka kuangalia vitu vine ambavyo nchi yetu ya Baluba imetoa ao imepokea: hadithi ya wafalme, ubao wa lukasa, kitabu cha Padri Placide Tempels, na mafundisho ya Jamaa. Tutasema mazuri yake, na pale panapokosa tutasema vilevile. Kuchambua si kutukana.

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha haidanganyi haraka. Kiluba kiko na neno mutyima, moyo, na moyo huo si wa kupenda tu, ni wa kufikiri pia. Kiko na kulanga, ni kusema kuwaza, na kulanguluka, ni kuwaza jambo kwa kina, kulirudilia na kulizungusha ndani. Watu wasiojua kutafakari wangepata wapi neno la namna hiyo? Neno halizaliwi bila kazi yake.

Sasa hadithi. Kila mtoto wa kwetu amesikia habari za Nkongolo Mwamba na Mbidi Kiluwe, hata kama wazee hawaisimulii wote namna moja. Nkongolo ni mfalme mwenye nguvu, mkali, mlevi, anakula na kucheka mbele ya watu wote. Mbidi Kiluwe ni mwindaji anayetoka upande wa mashariki. Yeye hali mbele ya watu. Anajitenga, anafichwa, anakula kwa kimya. Nkongolo anashangaa, anaona ni kiburi. Lakini ni mwana wa Mbidi, Kalala Ilunga, ndiye atakayemshinda Nkongolo na kuweka ufalme mpya, na tangu pale desturi ya mfalme kula peke yake ikabaki.

Mwanachuoni wa Ubelgiji Luc de Heusch alichambua hadithi hii katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu mfalme mlevi. Ni kazi kubwa, hatuwezi kuidharau. Yeye anaona ndani yake mvua na ukame, upinde wa mvua na umeme, mbingu na nchi. Sawa. Lakini tunapoisoma sisi wa hapa, tunaona kwamba amepita haraka juu ya jambo ambalo bibi zetu hawakulipita. Kwa bibi, hadithi hii kwanza ni somo la kujizuia. Kinywa cha Nkongolo hakifungwi: kinakunywa, kinacheka, kinatoa amri ya kuua. Kinywa cha Mbidi kiko na mlango. Mtu asiyeweza kutawala kinywa chake atatawalaje nchi? Waswahili wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Kwa hiyo hadithi ya mwanzo wa ufalme wetu inaweka utulivu mahali pa juu kabisa: ndiyo alama ya mfalme wa kweli.

Hata hivyo tusiipambe. Kimya cha Mbidi ni kimya cha wakubwa. Hadithi haituambii kama mwanamke mwenye kuchota maji, ao mkulima wa muhogo, yeye pia aliruhusiwa kuwa na saa yake ya kujitenga. Dada za Nkongolo, wanaomkuta mgeni kule mtoni, hadithi inawatumia, kiisha inawaacha. Ni upungufu, na inafaa kuusema.

Lukasa inatusaidia kidogo. Ni ubao mdogo wa kushika mkononi, mwembamba katikati, wenye shanga, misumari ao alama za kuchonga. Ulikuwa wa watu wa Mbudye, chama cha walinzi wa kumbukumbu ya ufalme. Mwenye kuusoma anaushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kinapita polepole juu ya shanga moja mpaka nyingine. Thomas Reefe aliuandikia mwaka 1977, na mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts waliuonyesha kule New York katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Baluba na kumbukumbu.

Kitu kimoja hapa kinastahili kuangaliwa sana: shanga haisemi neno moja kwa wote. Msomaji mmoja atatoa habari hii, mwingine habari ile, kufuatana na ujuzi wake, na siku, na watu walio mbele yake. Maana yake, kati ya kidole na kinywa kuna kazi ya ndani. Mtu anagusa, ananyamaza, anatafuta katika moyo wake, kiisha anasema. Wanaosema kwamba mababu walirudia tu mambo ya kundi bila fikira ya mtu binafsi, wajaribu kueleza lukasa. Hawataweza.

Na tuangalie vilevile sanamu zetu za wanawake, zile zenye mikono juu ya matiti, macho yameinama ao yamefungwa nusu. Wajuzi wanaeleza kwamba mikono ile inalinda siri za ufalme. Mchongaji wa Buli, ambaye kazi yake moja maarufu, mwanamke mwenye kubeba bakuli, iko Tervuren, alichonga sura ndefu, mashavu yameingia ndani, mtu aliyezama katika mawazo. Bakuli la namna hiyo lilikuwa la kuwekea mpemba, udongo mweupe wa usafi na wa baraka. Hapa mwanamke, ambaye hadithi ilimwacha mtoni, ndiye anayebeba utulivu wenyewe. Sanaa ilisema jambo ambalo hadithi ililisahau.

Tufike kwa Padri Tempels. Mfransisko huyu wa Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1906, alifika Kongo mwaka 1933, na Kamina yetu ilimjua vizuri. Kitabu chake juu ya filozofia ya Bantu kilitoka kwa Kifaransa kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, kiisha Paris mwaka 1949. Askofu de Hemptinne hakukipenda. Kwa wakati ule, kusema kwamba "mshenzi" ana filozofia yake kamili lilikuwa jambo la kuleta mateso, na tunamheshimu kwa hilo.

Anafundisha nini juu ya utulivu? Kwamba kwa Muntu, kuwa ni kuwa na nguvu. Kwamba nguvu hiyo inaongezeka ao inapungua. Na kwamba inashikana na nguvu za wengine, wazazi, watoto, hata wafu. Kwa hiyo mtu mwenye moyo mzito hawezi kupona kwa kujifungia chumbani tu. Anapaswa kuuliza ni kamba gani iliyokatika, na nani aliyeikata, pengine yeye mwenyewe. Hapa Tempels aliona sawasawa. Utulivu wa kwetu si kukimbia watu, ni kurudi kwao na moyo uliosafishwa.

Lakini upungufu uko, na ni mkubwa. Kitabu kinasema Muntu, Muntu, Muntu, kama vile wote ni mmoja. Mzee mwenye jina lake, anayebishana na jirani yake, haonekani. Paulin Hountondji wa Benin alilikosoa jambo hili kwa nguvu katika miaka ya 1970: filozofia bila mtu anayefikiri ni filozofia ya nani? Na mbele yake, mwaka 1968, Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni alionyesha namna Muntu huyu alivyo wa mashaka. Tunakubaliana nao, na ushahidi wetu ni ile lukasa: kidole ni cha mtu mmoja.

Aimé Césaire alikuwa amepiga mahali penye kuuma zaidi, mwaka 1950. Kwa dhihaka kali aliuliza kama basi Muntu hataki mshahara mzuri wala nyumba nzuri, anatosheka akiheshimiwa nguvu yake ya ndani tu. Swali hilo halijazeeka. Hapa kwetu mtu anaweza kufanya kazi miezi na miezi bila kulipwa. Akija mhubiri wa utulivu kumwambia "tulia, angalia ndani yako", je, anamsaidia, ao anawasaidia wale wenye deni lake? Kila mtu anayefundisha amani ya moyo Kamina anapaswa kujibu swali hilo mbele ya kuanza somo.

Tempels mwenyewe hakubaki kwenye kitabu. Kule Kolwezi, tangu mwaka 1953, pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao, Jamaa ilizaliwa. Aliacha kuandika juu ya Muntu, akaanza kumuuliza mtu: unataka nini zaidi katika maisha yako? Katika majibu yalitoka mawazo matatu ambayo baba na mama wa Jamaa wanayajua kwa moyo: uzima, uzazi, mapendo. Bwana na bibi walikaa pamoja, kila mmoja akapima moyo wake, kiisha akaufungua kwa mwenzake. Johannes Fabian, aliyeandika juu yao mwaka 1971, na Willy De Craemer, mwaka 1977, wote wawili walilichukua jambo hili kwa uzito.

Kwa maoni yetu, hii ni hatua kubwa kuliko kitabu. Kwanza, mama wa nyumba, yule ambaye hadithi ilimwacha, amepata saa yake na sauti yake. Pili, kupima moyo hakukubaki siri ya wakubwa. Mfanyakazi anayetoka kazini na vumbi mwilini aliweza kuingia. Lakini Jamaa nayo iliweka njia zake za ngazi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Palipo ngazi, watu wanaanza kuangalia nani yuko juu. Palipo maneno yaliyokubaliwa, watu wanaanza kuyarudilia bila kuyawaza. Uzima, uzazi, mapendo: mtu anaweza kuyasema mara mia na moyo wake usitoke mahali ulipo. Na neno uzazi, kwa mama asiyepata mtoto, linaweza kuwa kisu, hata likielezwa kwamba kuna uzazi wa roho. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafa mwaka 1977. Maswali haya aliyaacha kwetu.

Sasa, wasomaji wapendwa, kwa nini tunasumbuka na mambo haya ya zamani? Kwa sababu mji wetu umebeba mengi. Miaka ya 1992 na 1993 treni zilipita hapa na watu waliofukuzwa Katanga, watoto na mizigo juu ya mabehewa, wakielekea Kasai. Kiisha vita vya Maï-Maï na askari kule Malemba-Nkulu, Mitwaba na Manono, mpaka mwaka 2006, vilitawanya jamaa nyingi. Kuna waliotenda, kuna waliotendewa, kuna waliotazama tu. Wengi hawajaongea mpaka leo. Kimya chao si utulivu. Ni kidonda kilichofunikwa kitambaa.

Ndipo tofauti tunayotaka kuiweka wazi: kunyamaza na kutulia si kitu kimoja. Mwenye kunyamaza anaogopa neno. Mwenye kutulia analitayarisha. Msomaji wa lukasa ananyamaza ili aseme vizuri. Baba na mama wa Jamaa wanajipima ili wafunguliane. Kimya ambacho mwisho wake si neno la kweli, ao deni lililolipwa, ao ndugu aliyeombwa msamaha, hicho tunakikataa, hata kikipambwa kwa majina ya wazee.

Kwa wale wanaosema kutafakari ni jambo la kigeni, jibu letu ni fupi: hapana. Wahindi wako na njia yao, wamonaki wako na yao, na hatuna ubaya nao. Mwenye kujifunza kwao ajifunze. Lakini asidhani kwamba anatoka mikono mitupu. Kwa wale wanaomuogopa mtu aliyekaa peke yake chini ya muembe, tunawaomba wamwache dakika kumi. Pengine anatafuta namna ya kurudi nyumbani na kuongea na mke wake bila hasira.

Na kwa chama chetu, ombi moja. Wazee wanaojua kusema mambo ya mutyima kwa Kiluba safi wanapungua kila mwaka. Tuwatembelee, tuandike majina yao na maneno yao, kila mmoja na lake, hata pale wanapobishana. Hiyo ndiyo kazi ambayo vitabu tulivyovitaja hapa vilituachia.