Stempu za Afya za Mwaka 1968: Picha Njema, Somo Pungufu

Mwaka 1968 Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilitoa stempu nne kuadhimisha miaka 20 ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza tarehe 7 Aprili 1948. Zilitumika Uganda, Kenya na Tanzania. Katika kila moja imechorwa familia. Pamoja nayo, stempu ya senti 30 ina hospitali ya shamba; ya senti 50 ina muuguzi; ya shilingi 1/30 ina hadubini; na ya shilingi 2/50 ina sindano. Makala haya yanakusudia kuzihakiki kama tunavyohakiki maandishi mengine: zinasema nini, zinamwambia nani, na je, aliyeambiwa aweza kulitenda aliloambiwa?

Tuanze na sifa yake. Kuirudia familia mara nne, mfano wa kibwagizo, ni uamuzi wa busara. Humkumbusha mtazamaji kwamba afya si mali ya daktari peke yake. Hata hivyo, familia hiyo haitendi neno. Hospitali inaipokea, muuguzi anaihudumia, hadubini inaichunguza, sindano inaikinga. Lau picha hizo zingekuwa sentensi, familia ingekuwa yambwa katika zote nne. Hapana achemshaye maji, anawaye mikono, wala atungikaye chandarua.

Kasoro ya pili ni thamani. Barua ya kawaida ya ndani ya nchi haikuhitaji stempu ya shilingi 2/50. Hiyo ilifaa zaidi barua za ng'ambo na vifurushi. Kwa hiyo sindano, ambayo ndiyo kinga halisi, ilielekea kusafiri mbali na wale iliowahusu. Kasoro ya tatu ni lugha: maandishi yake ni ya Kiingereza, ilhali Kiswahili kilikwisha kuenea katika nchi zote tatu.

Huenda mtu akajibu kuwa stempu ni ndogo mno kubeba mafundisho, na kwamba kazi yake ni ukumbusho tu. Jibu hilo lina uzito, lakini halitoshi. Mwaka 1962 nchi nyingi duniani zilitoa stempu za vita dhidi ya malaria, zenye nembo ya dunia, fimbo yenye nyoka, na mbu. Asiyejua kusoma alimtambua adui mara moja. Nafasi ilikuwepo, basi. Lakini hata stempu zile zilikuwa na udhaifu wake: zilitangaza kuwa ulimwengu umeungana, hali mpango wenyewe wa kuitokomeza malaria, ulioanza mwaka 1955, uliiacha nje sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki. Mwaka 1969 shabaha hiyo ya kutokomeza iliwekwa kando. Picha iliahidi kuliko mkono ulivyoweza kutoa.

Tuzipeleke stempu hizi Namatala, mtaa wa mji wa Mbale ulio kando ya mto na kinamasi chenye jina hilohilo, panapolimwa mpunga. Maji yaliyotuama juani ni mazalio ya mbu. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Namatala na Nabuyonga ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa Mbale na viungani mwake, na maelfu wakakosa maji safi. Mahali kama hapo, picha ya familia iliyosimama kando ya hospitali ingemfaa nini mkazi?

Wala tusidhani kuwa neno la stempu halimhusu mwalimu. Barua kwetu haiji mlangoni. Hungoja katika sanduku la posta, aghalabu la shule, kanisa, msikiti au mwajiri. Mwalimu amekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuziona stempu hizo.

Maneno mawili yangetosha. Lakini yapi? “Afya ni mali” ni kweli, ila haiagizi jambo. “Chemsha maji” huagiza, lakini humwachia mtu mmoja mzigo wote, kuni na sufuria juu yake. “Chemsheni maji” huita nyumba nzima, naye asemaye hubaki nje. “Tuchemshe maji” humwingiza msemaji mwenyewe; na katika stempu, msemaji ni dola. Dola ikisema “tu-”, imekiri kwamba mfereji wa kuondoa maji ya mvua na bomba la maji safi ni sehemu yake ya kazi, kama vile sufuria ilivyo sehemu ya mama wa Namatala.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, mwezi uleule wa mafuriko. Walimu wenzangu na wawape wanafunzi zoezi hili: wachore stempu ya afya ya mtaa wao, waandike juu yake kitenzi kimoja cha Kiswahili, kisha waeleze ni nani anayeamriwa na ni nani anayeamuru.