Uamuzi, Tukio na Nia: Urithi wa Nyongeza katika Masimulizi ya Dragon Age

Madhumuni ya makala haya ni kutazama jambo moja katika fani mpya ya usimulizi, nayo ni michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika wa nchi ya kubuni, akasema kwa kinywa chake na kuamua kwa niaba yake. Huenda msomaji akauliza michezo ina mahali gani katika jarida la lugha na fasihi. Jawabu ni kwamba michezo hii hutungwa kwa maneno. Ina wahusika, ina mazungumzo, ina maadili yanayogombana. Na ina jambo moja ambalo riwaya haina, yaani mtunzi humwachia msikilizaji wake sehemu ya utunzi. Palipo na utunzi, uhakiki una haki ya kuingia.

Kabla ya kuendelea yafaa tuafikiane juu ya maneno matatu. Nyongeza ni sehemu ya hadithi inayouzwa mbali, baada ya mchezo wenyewe kutoka; mwenye mchezo aweza kuinunua au kuiacha. Mwendelezo ni mchezo mwingine kamili, unaofuata ule wa kwanza katika nchi ile ile ya kubuni. Urithi wa maamuzi ni hali ya mwendelezo kuyakumbuka aliyoyaamua mchezaji zamani: aliyemwokoa amkute hai, na aliyemwua asimwone tena. Swali letu ni hili: yale yaliyoamuliwa katika nyongeza huvukaje kuingia katika mwendelezo?

Mfano tutakaoutumia ni Dragon Age, masimulizi yaliyotungwa na BioWare, kampuni ya Edmonton, nchini Kanada. Mchezo wa kwanza, Origins, ulitoka mwaka 2009, na nyongeza yake kubwa, Awakening, ikafuata mwezi wa Machi 2010. Dragon Age II ulitoka mwaka 2011, pamoja na nyongeza iitwayo Legacy. Inquisition ulitoka mwaka 2014, na Trespasser, nyongeza yake ya mwisho, mwaka 2015. Kisha ukapita muda mrefu hadi Oktoba 2024, ulipotoka The Veilguard. Twapata hapa michezo minne na nyongeza tatu zenye uzito, zote katika nchi moja ya kubuni iitwayo Thedas. Ni nadra kupata mfano ulio mpana kiasi hiki.

Ugumu wa nyongeza hutokana na wasikilizaji wake. Mtunzi wa mwendelezo ana watu wa namna mbili mbele yake: walioinunua nyongeza na wasioinunua. Akijenga juu ya nyongeza, hawa wa pili watapotea njia. Akiiacha, wale wa kwanza watahisi kwamba walilipia kitu kisicho na thamani. Tena hao walioinunua hawakuamua sawasawa. Kila mmoja ana hadithi yake. Wenye kushughulika na hati za kale za tendi wataitambua hali hii. Nakala za utendi mmoja hupishana, na mhariri hana budi kuchagua nakala ya kuwa msingi, kisha aamue tofauti zipi ataziingiza na zipi ataziweka kando. Mtunzi wa mwendelezo naye ni mhariri wa namna hiyo. Lakini tofauti iko moja kubwa: mnakili hakumwahidi mtu kwamba nakala yake itafuatwa. Mtunzi wa mchezo alimwahidi mchezaji.

Tuanze na Awakening. Katika nyongeza hii mchezaji ni mkuu wa Grey Wardens, kundi la askari wanaopigana na viumbe wa giza, naye amekabidhiwa ngome ya Vigil's Keep. Huko anakutana na Anders, mchawi mtoro aliyekamatwa na askari wa dini waitwao Templar. Mchezaji aweza kumwandikisha katika kundi lake, au aweza kumwachia mikononi mwa wale waliomkamata. Anakutana pia na Justice, roho iliyonaswa ndani ya mwili wa askari aliyekufa, na aweza kumkubali au kumkataa. Mwishoni adui huushambulia mji wa Amaranthine na ngome kwa pamoja, na mchezaji hana budi kuchagua atakaouokoa. Akiuokoa mji, na huku ngome hakuitengeneza vizuri, masahaba aliowaacha ngomeni hufa.

Mwaka mmoja baadaye, katika Dragon Age II, Anders yuko katika mji wa Kirkwall, akiwatibu wakimbizi bure katika mitaa ya chini ya ardhi. Roho ya Justice imeingia ndani yake, wakawa nafsi moja. Katika sehemu ya tatu ya mchezo, Anders hulibomoa hekalu kuu la mji kwa mlipuko, na hilo ndilo linalowasha vita kati ya wachawi na Templar. Haya hutokea kwa mchezaji aliyemwandikisha Anders, na kwa yule aliyemtoa kwa maadui zake, na hata kwa yule ambaye Anders alimfia ngomeni. Hutokea pia kwa yule aliyemkataa Justice.

Sikusudii kusema kwamba Anders wa mchezo wa pili ni mhusika dhaifu. La, ni miongoni mwa wahusika wake bora, na swali analolileta, yaani kama dhuluma yaweza kuondolewa kwa kumwaga damu ya wasiohusika, ndilo moyo wa hadithi ile. Kosa haliko kwake, liko nyuma yake. Mtunzi alitoa ruhusa ya kumwua mtu ambaye baadaye alimhitaji, kisha akamfufua bila ya kuieleza kaburi. Mchezaji aliyeuchagua mji, akaupokea msiba wa ngome kuwa ndiyo bei ya uchaguzi ule, anaambiwa baadaye kwamba bei ile hakuilipa. Hasara hapa yazidi kuvurugika kwa mfululizo wa matukio. Huzuni aliyokuwa nayo kwa haki imegeuzwa kuwa ya bure.

Ulinganishe na Nathaniel Howe, ambaye naye yumo katika Awakening. Huyu ni mwana wa adui wa zamani, aliyekamatwa baada ya kuingia ngomeni kwa siri. Mkuu aweza kumwua, kumwachia aende zake, au kumwandikisha. Katika Dragon Age II, ikiwa Nathaniel yu hai, dada yake Delilah huja kuomba msaada atafutwe katika mapango ya chini ya ardhi. Ikiwa alikufa, safari ile haiko kabisa. Sehemu hii ni fupi. Haibadili vita wala amani, na mchezaji ambaye hakununua Awakening hapungukiwi na chochote. Pamoja na ufupi wake, ni ya kweli: mtu aliyesamehewa yupo, na aliyeuawa hayupo.

Hapa tayari twaweza kuona kanuni ikianza kujitokeza. Uamuzi wa nyongeza hurithiwa kwa uaminifu pale ambapo hauna uzito mkubwa katika mwendelezo. Na pale palipo na uzito, mtunzi huliweka tukio na kuuacha uamuzi.

Nyongeza ya Legacy yaithibitisha kanuni hii kwa njia nyingine. Hawke, shujaa wa Dragon Age II, anafika katika gereza la kale lililojengwa na Grey Wardens milimani, ambamo amefungwa Corypheus, mchawi wa zama za kale. Humo anakutana na watu wawili wanaopingana, Larius na Janeka, naye huombwa amfuate mmoja wao. Amfuate huyu au yule, mwisho ni ule ule: Corypheus hufunguliwa, hupigwa, huonekana amekufa, na yule aliyesalia kati ya wale wawili huondoka akiwa na mwenendo wa kigeni, dalili kwamba nafsi ya mchawi imemwingia. Mwaka 2014 Corypheus akarudi kuwa adui mkuu wa Inquisition.

Ufundi wa Legacy ni kwamba uamuzi wake ulitungwa tangu mwanzo uishie mahali pamoja, kwa hiyo mwendelezo haukuhitaji kuvunja ahadi. Lakini hasara ilimwangukia msikilizaji wa namna ya pili. Aliyeinunua nyongeza alimjua adui, alikumbuka kumwua, na alistaajabu kumwona hai. Asiyeinunua alionyeshwa adui mkuu kama mgeni, akaambiwa na wahusika wengine kwamba huyu aliwahi kuuawa. Mwanzo wa hadithi uliuzwa mbali na hadithi yenyewe.

Yapasa tuwe waadilifu kwa watunzi, kwa maana hesabu haiko upande wao. Maamuzi 10 tu, kila moja likiwa na njia mbili, huzaa hali 1,024 za ulimwengu zinazotofautiana. Hakuna kampuni iwezayo kuziandikia zote mazungumzo. Katika mwaka 2014 BioWare walifungua tovuti iitwayo Dragon Age Keep, ambamo mchezaji alijaza aliyoyaamua katika michezo na nyongeza zilizotangulia, kisha Inquisition ukaisoma orodha ile. Ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Walakini orodha hukumbuka jina la jambo lililotendeka. Haiwezi kulipa jambo lile nafasi katika hadithi, na maamuzi mengi yaliyoandikwa mle hayakupata zaidi ya neno moja au mawili ya kupita.

Sasa tufike kwenye Trespasser, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nyongeza iliyolielewa tatizo hili kuliko zote. Miaka miwili imepita tangu Corypheus kushindwa. Kiongozi aitwaye Inquisitor ameitwa mbele ya baraza la wafalme na wakuu wa dini ili jeshi lake lijadiliwe. Huku nyuma inafunuliwa kwamba Solas, sahaba wake mwenye hekima na upole, ndiye mungu wa kale wa visa vya watu wake, naye ataka kuling'oa Pazia linaloitenga dunia na ulimwengu wa roho, hata kama dunia itaangamia. Mchezaji huulizwa mambo mawili makubwa: je, jeshi livunjwe au libaki? Na je, Solas azuiwe kwa vyovyote, au ajaribiwe kuokolewa na nia yake mbaya?

Tazama namna swali la pili lilivyotungwa. Solas hawezi kuuawa katika nyongeza hii. Mtunzi alijua kwamba atamhitaji, kwa hiyo hakumweka mtu huyu chini ya upanga wa mchezaji. Alichokiomba kwa mchezaji ni nia. Tendo humfunga mtunzi, kwa kuwa aliyekufa amekufa na mji ulioungua umeungua. Nia humfunga mwenye kuinuia tu. Mwendelezo waweza kuiheshimu nia bila ya kuubadili ulimwengu mzima, na mchezaji atajisikia kwamba amesikilizwa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. The Veilguard, uliotoka baada ya miaka tisa, hauisomi orodha ya Keep. Humwuliza mchezaji mambo matatu tu ya zamani: Inquisitor alimpenda nani, jeshi lilivunjwa au lilibaki, na aliapa kumzuia Solas au kumwokoa. Mawili kati ya matatu hayo yanatoka katika Trespasser. Katika hayo mawili, kuvunjwa kwa jeshi, ambalo ni tendo, kunabadili machache. Kiapo juu ya Solas, ambacho ni nia, kinafika hadi katika maneno ya mwisho ya hadithi. Kipande kilichouzwa pembeni, ambacho wengine hawakukigusa, ndicho kilichorithiwa kuliko mchezo mkuu wenyewe.

Lakini hatuwezi kusifu bila kutaja gharama. Ili nia hii ipokewe vizuri, mengine yote yaliachwa: nani aliketi katika kiti cha enzi cha Ferelden, nani aliyechaguliwa kuwa kiongozi mkuu wa dini, nani aliyekunywa maji ya kisima cha kale. Hadithi ilihamishiwa nchi za kaskazini, mbali na mahali yalipotendeka hayo. Hilo peke yake lingevumilika, kwani mtunzi ana haki ya kunyamaza. Lakini barua za Inquisitor zinaleta habari kwamba nchi za kusini zinaangamia kwa tauni ya viumbe wa giza. Nchi ambazo mchezaji aliziokoa kwa saa nyingi za maisha yake zinaangushwa pasipo yeye kuwapo, kwa mistari michache ya barua. Kunyamaza kungeacha kila hadithi ibaki kuwa kweli kwa mwenyewe. Barua zile zimezifuta zote kwa pamoja.

Wako watakaosema kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba mwenye kulia juu ya mhusika aliyefufuliwa hana jambo la maana la kulilia. Sikubaliani nao. Katika usimulizi wa kinywa msikilizaji huitikia, na mwenye kusimulia hujua kwamba itiko lile ni sehemu ya hadithi. Akilipuuza, baraza litavunjika. Mchezo wa namna hii umekwenda mbele zaidi: umemwambia msikilizaji kwamba neno lake litabaki. Ahadi ni deni, na deni la mtunzi halipungui kwa kuwa aliyeahidiwa alikuwa akicheza.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mtunzi wa nyongeza asimwache mchezaji amwue yule atakayehitajiwa kesho. Na akitaka kumpa uamuzi wenye kudumu, amwulize nia yake kabla ya kumpa upanga. Palipo lazima tendo liamuliwe, basi liwe dogo na lilipwe kwa ukamilifu, kama alivyolipwa aliyemsamehe Nathaniel. Na pale ambapo mwendelezo hauwezi kulipa, uyaache mambo ya kale yalivyo.