Nyekundu Bila Kikaratasi

Ukinunua mkufu wa Kimaasai kwa maduka ya Kitengela, mara nyingi unapewa na kikaratasi: nyekundu ni ushujaa, damu, umoja. Sikatai. Shida ni kwamba ukishakisoma unaacha kuangalia mkufu.

Sokoni Kajiado nilikaa na mama mmoja akitunga shanga. Nyekundu kwanza, halafu mstari mwembamba wa nyeupe. Nikamuuliza maana yake. "Mwanangu, bila nyeupe hii nyekundu inalala." Basi. Hilo ni jibu la fundi.

Na shanga zenyewe nyingi hutoka Cheki, huko Ulaya. Kabla yake nyekundu ilikuwa ngeu, ule udongo unaochanganywa na mafuta ukapakwa nyweleni na mwilini.

Pale Kitengela Hot Glass, wanakoyeyusha vioo vikuukuu, bilauri nyingi nilizoona ni za kijani au samawati. Kioo chekundu ni kigumu kutengeneza. Kinataka dhahabu, seleni au shaba. Mama na kopo lake la shanga anayo nyekundu tele, na bado anaipima punje kwa punje.

Mkufu wake niliununua mia tano. Dukani, wenye kikaratasi, unaitishwa elfu moja na nusu. Nimekisoma mbele na nyuma: rangi zote zimeelezwa, jina la aliyetunga halipo.