Ndani ya Tumbo la Roboti

Umeme ukipita, waya hugeuka rangi ya chungwa. Ukikatika, rangi hupotea. Hiyo ndiyo lugha ya Robot Odyssey, mchezo uliotolewa na The Learning Company mwaka 1984 kwa kompyuta za Apple II, na sijapata mwalimu wa umeme aliyenieleza mambo waziwazi kuliko rangi hiyo.

Mchezaji huota ameanguka kwenye mitaro ya maji machafu chini ya mji wa Robotropolis. Silaha hana. Wenzake ni roboti: Sparky, Checkers na Scanner. Unaingia ndani ya roboti kama mtu aingiavyo chumbani, unakuta betri, vihisi vinne vya kugusa ukuta, na injini nne, moja kila ubavu. Injini ya kushoto huisukuma roboti kwenda kulia. Nililizoea hilo kwa taabu. Kilichobaki ni kalamu ya kulehemu na akili yako.

Nilitaka kitu kidogo tu: roboti ivuke chumba, igonge ukuta, igeuke, irudi, bila kukoma. Nikaunga kihisi cha kushoto na injini ya kushoto, cha kulia na ya kulia. Roboti ikagusa ukuta, ikajisukuma kidogo, ikasimama. Nikakagua kila kiungo. Vyote vizima. Usiku ule nililala nikiiwaza.

Asubuhi niliingia ndani yake, nikatazama. Ilipogusa ukuta, waya uliwaka. Ilipoachana nao tu, waya ukazima, na injini nayo. Kumbe roboti yangu ilikuwa inasahau! Dawa yake ni flipuflopu: umeme ukiingia upande mmoja, hata kwa kufumba na kufumbua, hubaki umeelekea huko mpaka upande wa pili uguswe. Nilikuwa nimesoma habari zake vitabuni na kufaulu mitihani, ila hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumbukumbu ni kitu kinachoundwa kwa nyaya.

Mageti ya mantiki, NA, AU na SIYO, utayazoea haraka. Kazi inakuja pale saketi nzima inapobanwa ndani ya chipu moja yenye miguu minane, nawe ukalazimika kuamini ulichokifunika.

Walioutunga mchezo huu ni Mike Wallace na Leslie Grimm. Grimm alikuwa ameshatengeneza mchezo wa Rocky's Boots, wa mwaka 1982, pamoja na Warren Robinett, yule aliyetunga mchezo wa Adventure wa Atari. Nawaheshimu kwa jambo moja kuliko yote: hawakuweka sauti ya kukuambia umekosea. Roboti inafanya kile ulichoiunga ifanye, wala haikuonei.

Niliweka flipuflopu, nikaunga nyaya nne, nikaingia ndani nikatulia. Nje ukuta ukagongwa. Waya mmoja ukazima, wa jirani yake ukawaka, na chumba nilichomo kikaanza safari ya kurudi.